Nyegere Mwenye Kofia Nyekundu

Kila asubuhi Muthoki alifika shuleni miongoni mwa wa mwisho, na si kwa sababu alichelewa kuamka. Katika nyumba ya Shangazi Ndunge hakuna aliyechelewa kuamka. Shangazi aliuza ndengu na mbaazi katika soko la Tawa, na sauti yake ingeweza kuamsha soko zima, seuze msichana mmoja wa miaka kumi na miwili. Muthoki alinawa, akanywa chai, akabeba mtungi wa maji wa lita tano ambao kila mwanafunzi alitakiwa kupeleka jikoni, kisha akaanza safari polepole kama mtu anayeenda kung'olewa jino.

Njiani wanafunzi walitembea wawili wawili na watatu watatu, mitungi yao ikigongana. Muthoki aliacha nafasi kati yake na kundi la mbele. Alikuwa fundi wa kuipima nafasi hiyo. Ikiwa fupi, wangedhani anawafuata. Ikiwa ndefu, wangegeuka kutazama ni nani huyo anayetembea peke yake. Baridi iliteremka kutoka milima ya Mbooni na kumwingia kwenye sweta, naye hakuwa na mtu wa kumwambia kwamba kwao Januari haina baridi namna hiyo.

Akifika, alimimina maji katika pipa la jikoni, akamwamkia mpishi, halafu akaenda vyooni. Hakuwa anaumwa na tumbo. Ni kwamba katika shule nzima, choo ndicho mahali pekee ambapo mtu akikaa peke yake hakuna anayemwuliza sababu. Aliingia choo cha mwisho, akatia komeo, akasimama humo hadi kengele ilipolia. Wakati wa mapumziko alirudi humo humo. Si mahali pa kujivunia. Hata nzi waliingia, wakazunguka kidogo, wakatoka kutafuta pazuri zaidi.

Muthoki alitoka Tseikuru, kaskazini mwa Kitui, ambako baba yake, Mulei, alifuga mbuzi. Mvua ilipokosa kunyesha, baba alihama na mifugo kutafuta malisho, na Muthoki akaenda naye kwa sababu mama alikuwa na mtoto mchanga. Shule ikabaki nyuma. Na hata kabla ya hapo, tuseme ukweli, alikuwa amehudhuria shule jinsi mvua inavyohudhuria Tseikuru. Mwishowe ikaamuliwa aende Tawa kwa dada ya baba yake, akasome bila kukatizwa.

Mwalimu mkuu alipouliza alikuwa gredi gani, Shangazi Ndunge alijibu kabla Muthoki hajafungua mdomo. Alisema ya tano, na kwamba mwenye macho atazame urefu wa mtoto mwenyewe. Ikawa ya tano. Hakuna aliyempa kitabu asome, naye Muthoki akanyamaza.

Kwa hiyo aliketi Gredi ya Tano akiwa na siri. Kiingereza hakujua kukisoma kabisa, na Kiswahili alikisoma silabi kwa silabi, kama mtu anayevuka mto kwa kurukia mawe. Darasa liliposoma kwa pamoja, alifungua mdomo na kuufunga bila sauti. Mwalimu alipotafuta mtu wa kusoma peke yake, kamba ya kiatu cha Muthoki ilifunguka ghafla, akainama kuifunga. Sidhani kuna kiatu kilichofunguka mara nyingi kuliko hicho katika Makueni yote.

Siku ya kwanza tu, mvulana aitwaye Musyimi, aliyeketi mbele yake, alimpa jina la Muthokoi, yaani yale mahindi yaliyokobolewa ambayo walipikiwa mchana. Aliuliza kama mbuzi wa Tseikuru pia huvaa sare. Darasa likaangua kicheko, na Muthoki akacheka pamoja nao, tena kwa sauti. Hapo ndipo alipokosea. Mtu akicheka na wanaomcheka, nani atajua kwamba inamuuma? Kisha wakaanza kumwigiza alivyosema, kwa sababu Kikamba cha kwao kilikuwa na mwimbo wake. Muthoki akapunguza maneno, akazidi kuyapunguza, hadi yakaisha.

Januari hiyo, hata hivyo, Muthoki hakuwa peke yake katika huzuni. Tofauti ni kwamba yeye alihuzunika kimya, nao Gredi ya Kwanza walihuzunika wakasikika hadi barabarani. Aliyewashinda wote alikuwa Kiilu, mtoto mdogo mwenye magoti ya vumbi. Kila asubuhi alilishika lango kwa mikono miwili, na ilibidi watu wawili kumbandua. Mara mbili alikuwa amepita chini ya ua na kukimbia nyumbani. Mama yake alikuwa amesema wazi kwamba akitoroka tena, atamwacha nyumbani hadi mwaka ujao, kwani hana muda wa kupalilia shamba na kukimbizana na mtoto.

Mwalimu wa Gredi ya Kwanza, Mwalimu Wavinya, alikuwa mwanamke mnene, mtulivu, mwenye kucheka kwa mabega. Siku moja aliingia Gredi ya Tano na katoni iliyoletwa na mtu aliyesomea shule hiyo zamani. Ndani mlikuwa na vitabu vya picha, vyote vya Kiingereza, vyote vya watoto wanaoanza shule na hofu zao. Mmoja aliogopa ngazi. Mwingine aliogopa kusahau jina lake mwenyewe. Mwalimu Wavinya alieleza kwamba mtoto akiiona hofu yake imechorwa kwenye karatasi, huanza kuiona ndogo, kwa sababu anaweza kuifunika kwa kiganja. Alitaka wakubwa wawasomee wadogo na kuwafafanulia kwa Kiswahili kila siku baada ya mapumziko, wawili kwa kila msomaji. Musyimi akapewa kazi ya kutunza katoni, naye akaishika kama mhazini wa kanisa.

Safari hii kiatu hakikumsaidia Muthoki. Walipanga mstari uwanjani, na kitabu kikatua mikononi mwake. Kikafuatwa na Kiilu, macho mekundu, na Arbaco, binti ya Kusow mwenye duka la vyuma, aliyekaa wima ndani ya ushungi wake kama mtu aliyelipa kiingilio.

Walikaa nyuma ya darasa, kivulini. Muthoki alifungua ukurasa wa kwanza. Maneno yalikuwa mstari mmoja tu chini ya picha, lakini yalimtazama kama watu wa arusi ambayo hakualikwa.

Kiilu alivuta kamasi. "Huyu ni nani?"

Pichani kulikuwa na mnyama mfupi mwenye miguu ya matege, mwili wa giza na mstari mweupe kichwani, amevaa kofia nyekundu na mkoba mgongoni. Kwa mtoto yeyote wa Kitui au Makueni hapakuwa na swali.

"Nyegere," Muthoki alisema.

Kiilu alikunja uso. Baba yake alikuwa na mizinga ya nyuki. "Nyegere ni mwizi. Anakula asali yetu. Baba amezungushia miti mabati asipande."

Muthoki angeweza kusema wakati huo kwamba hajui kusoma. Neno lilifika hadi kwenye meno. Lakini Kiilu alikuwa ameacha kulia ili kumshtaki nyegere, na kulikuwa na kimya kizuri ambacho Muthoki hakutaka kukivunja.

"Ndiyo," alisema polepole. "Ndiyo maana shuleni hakuna anayetaka kukaa naye. Wote wanafikiri amekuja kuiba asali. Na huyu hajawahi hata kuionja. Amekuja kusoma tu."

"Ni baba yake aliyekula?" Arbaco aliuliza.

"Nafikiri ni mjomba."

Arbaco alitikisa kichwa kwa huruma, kama mtu mwenye mjomba.

Muthoki akageuza ukurasa, na hadithi ikaja yenyewe, ikitoka kwenye picha na kutoka mahali pengine. Kofia nyekundu, alieleza, Nyegere alipewa na nyanya yake afunike ule mstari mweupe, watu wasimtambue. Katika picha moja Nyegere alisimama karibu kabisa na mwalimu wake, kongoni mwenye miwani, aliyeinama akamtegea sikio. Muthoki alisema mwalimu anamnusa kujua kama amebeba asali. Watoto walicheka hadi Kiilu akaanguka kando. Katika picha nyingine Nyegere alikuwa nyuma ya mlango wa buluu uliofunguka kidogo.

"Hapa yuko chooni," Muthoki alisema, na sauti yake ikashuka. "Kila mapumziko anajificha chooni, kwa sababu huko hakuna anayeona kwamba hana mtu. Anawasikiliza wenzake wakicheza. Sasa anajua sauti ya kila mmoja. Lakini hakuna anayejua yake."

Watoto hawakucheka. Arbaco aliweka kidole juu ya mlango wa buluu.

Picha ya mwisho ilimwonyesha Nyegere akitoka langoni, kofia mkononi, nyanya yake akimngoja kwa mbali.

"Rafiki alipata lini?" Kiilu aliuliza.

Muthoki alikifunga kitabu. "Kesho."

Kesho yake walikuja mbio na kukidai kitabu kilekile, na siku iliyofuata vilevile. Watoto wa umri ule wakipenda hadithi hawataki nyingine, na ukiruka neno wanakukamata kama askari wa trafiki. Walijua kila ukurasa kwa moyo. Kila mara Kiilu aliuliza rafiki alipatikana lini, na kila mara Muthoki alijibu kwamba kesho. Kiilu aliacha kulishika lango. Asubuhi aliingia mwenyewe, akapunga mkono kutoka mbali, na Muthoki akageuka kutazama kama kuna mtu nyuma yake anayepungiwa.

Mapumziko, bado alirudi chooni. Rafiki wa miaka sita ni rafiki, lakini kengele ya Gredi ya Kwanza na ya Gredi ya Tano hazikulia wakati mmoja.

Halafu Mwalimu Wavinya akatangaza kwamba wiki inayofuata wasomaji watabadilishana vitabu, ili wadogo wasikie hadithi nyingine na sauti nyingine. Kitabu cha kofia nyekundu kingekwenda kwa Yvonne wa darasa lao, aliyesoma Kiingereza kupitia puani kama mtangazaji wa televisheni. Yvonne angesoma yaliyoandikwa. Kiilu angesema siyo. Wangeulizana, na siri yote ingemwagika uwanjani kama ndengu kutoka gunia lililotoboka. Gredi ya Tano wangejua, kisha Shangazi, kisha angeshushwa kukaa na watoto wanaomfikia kiunoni. Au angerudishwa Tseikuru, baba akauliza wamemrudisha kwa nini.

Siku hiyo hakukirudisha kitabu kwenye katoni. Alikitia ndani ya mkoba wake, chini ya sweta.

Kitabu kilipokosekana, aliyeulizwa alikuwa mtunza katoni. Musyimi aliapa kwamba viliingia vyote. Mwalimu wa darasa akamwambia kwamba mtu asiyeweza kutunza katoni hawezi kuaminiwa na mpira, na kwamba hatacheza hadi kitabu kipatikane. Musyimi alikuwa ndiye mfungaji wa timu. Wengine walipotoka kwenda uwanjani, yeye alibaki darasani akipekua madawati, akainua hata ubao mbovu uliokuwa ukutani.

Muthoki alidhani angefurahi. Alingoja furaha ifike. Badala yake Musyimi alimjia, uso umesinyaa, bila mzaha wowote.

"Muthoki, nisaidie," alisema. Ilikuwa mara ya kwanza kumwita jina lake. "Nyinyi mbuzi akipotea mnamtafutaje?"

Muthoki alijibu, akitazama chini, kwamba wanaanzia mahali alipoonekana mwisho. Musyimi akashukuru, akaenda kuanzia alipoambiwa, akiacha mkoba wa Muthoki hatua chache nyuma ya mgongo wake. Muthoki akapiga magoti upande wa pili wa darasa, akatafuta naye chini ya dawati kitu alichojua hakiko hapo. Hakuwa amewahi kujisikia peke yake kama siku ile, hata katika nyika ya Tseikuru, ambako mtu anaweza kutembea mchana kutwa asikutane na binadamu. Nyika haikuwa imemwomba msaada.

Jumatatu Kiilu aliambiwa kitabu kimepotea. Jumanne alikuwa langoni, mikono yote miwili kwenye chuma, na mama yake alikuwa tayari ameshaanza kumvuta kurudi nyumbani, amechoka na hataki maneno. Mwalimu Wavinya aliomba dakika chache. Alichuchumaa mbele ya Kiilu, akamwambia kwamba kitabu kisipoonekana watatengeneza kingine, kwa hiyo yeye amweleze tu kilikuwa kinasema nini.

Kiilu alieleza yote huku akilia kwa kwikwi, na Arbaco aliyekuwa akipita akasimama kumsahihisha. Walisema habari za mjomba na asali. Walisema habari za mwalimu kunusa. Mwalimu Wavinya alikuwa amevisoma vitabu vyote kabla ya kuvigawa, na mabega yake yalianza kutikisika kwa kicheko.

"Na mapumziko anaingia chooni," Kiilu alisema. "Anatia komeo. Huko hakuna anayeona kwamba hana mtu. Anajua sauti ya kila mmoja, lakini hakuna anayejua yake."

Mabega ya Mwalimu Wavinya yalitulia. Ukurasa huo haukuwa kitabuni. Kitabuni Nyegere alikuwa anatundika koti lake tu.

Alimwomba mama Kiilu amwachie mtoto siku hiyo moja. Halafu hakufanya neno lolote hadi mapumziko. Kengele ilipolia, alipita katikati ya uwanja wenye kelele, akapita jikoni, akafika vyooni, akagonga mlango wa mwisho.

"Kuna mtu," sauti ilisema ndani.

"Najua. Ndiye niliyemfuata."

Kisha komeo likasogea.

Walikaa kwenye jiwe nyuma ya jiko, ambako moshi uliwafanya wote wawili watokwe na machozi, kwa hiyo hakuna aliyelazimika kueleza ya kwake. Mwalimu Wavinya hakuuliza habari za kitabu. Alisema tu kwamba Kiilu amemsimulia hadithi nzuri sana, na kwamba kuna ukurasa mmoja aliutafuta kichwani mwake asiupate.

Muthoki alifungua mkoba, akainua sweta, akakitoa kitabu.

"Mimi ndiye niliyekichukua. Musyimi hakufanya kitu," alisema. "Siwezi kukisoma, Mwalimu. Sijawahi kukisoma. Nilikuwa natazama picha."

Mwalimu Wavinya hakushtuka wala hakugomba. Alifungua kitabu hadi kwenye picha ya kongoni mwenye miwani, akauliza hapa aliwaambia nini. Muthoki, kwa aibu, akasema kwamba mwalimu anamnusa Nyegere kama amebeba asali. Mwalimu Wavinya alicheka hadi akafuta macho kwa kanga.

"Hata mimi ningekuwa kongoni ningemnusa," alisema. Halafu akaweka kidole chini ya maneno. "Sasa nikwambie kilichoandikwa. Mnyama huyu anamnong'oneza mwalimu wake. Anamwambia, 'Naogopa. Nisaidie.'"

Muthoki alikitazama kidole. Siku zote hizo alikuwa amebeba maneno hayo mkobani, chini ya sweta.

"Basi," alisema baadaye, kwa sauti ndogo. "Hivyo tu?"

"Hivyo tu. Ni maneno mafupi, lakini wengi wetu tunayapitia mbali." Mwalimu aliinuka, akajipangusa vumbi. "Kuna kijana hajagusa mpira tangu wiki iliyopita. Hilo sitakufanyia mimi."

Kusimama mbele ya Gredi ya Tano kulikuwa kugumu kuliko kumtoa mbuzi kisimani. Hakukuwa na kamba ya kiatu wala kicheko cha kujificha ndani yake. Muthoki alisema kwamba kitabu alikuwa nacho yeye, kwamba alikificha kwa sababu hajui kusoma, na kwamba alimwacha Musyimi apate lawama zake. Alisema kwa mwimbo wake wote wa Tseikuru, na safari hii hakuna aliyeurudia.

Musyimi alikasirika, kama ilivyostahili. Alisema alikosa mechi, tena mechi yenyewe walifungwa. Muthoki hakucheka. Alisema, "Najua. Nisamehe." Musyimi alinuna hadi mchana. Lakini wakiwa kwenye foleni ya chakula alimgeukia na kumwuliza, kama mtu aliyeliwazia jambo kwa muda mrefu, aliwezaje kusoma kitabu ambacho hajui kukisoma na watoto wakaacha kulia, wakati yeye aliwasomea kila neno na wake wakalala.

"Mimi mwenyewe nikifika kwa neno refu naliruka kama mtaro," aliongeza, akiangalia pembeni. "Usimwambie Yvonne."

Shangazi Ndunge aliitwa kutoka sokoni. Alifika na maganda ya ndengu kwenye kilemba, akasikiliza mambo yote akiwa amesimama. Muthoki aliinamisha kichwa akingojea ngurumo. Shangazi alikaa kitini, akashusha sauti, jambo ambalo halikuwa kawaida yake.

"Mimi ndiye niliyekupima kwa urefu kama kitambaa," alisema. "Sikukuuliza. Lakini na wewe, mama, unakula kwangu asubuhi na jioni, nakuuliza habari za shule, unaniambia nzuri. Kila siku nzuri. Nikawa nashangaa, hii shule gani isiyo na ubaya hata siku moja."

Walikubaliana kwamba Muthoki atabaki Gredi ya Tano, ila kila asubuhi, badala ya kusubiri kengele mahali ambapo sasa kila mtu alipajua, ataingia kwa Mwalimu Wavinya kusoma herufi na wadogo. Kiilu alitangaza kwamba atamfundisha yeye mwenyewe. Alikuwa mwalimu mkali. Muthoki akikosea, alipigapiga ubao kwa rula na kuugua kama mzee.

Haikuwa kazi ya siku chache. Mvua za masika zilikuwa zimeshakolea, na mahindi ya Shangazi yamefika magotini, Muthoki alipokaa tena kivulini na kitabu cha kofia nyekundu na kusoma ukurasa wa kwanza kama ulivyoandikwa, kwa Kiingereza, kisha kwa Kiswahili. Alitokwa jasho. Mwalimu Wavinya alisimama dirishani akisikiliza. Alieleza kwamba huyu kwa kweli si nyegere wetu bali ni jamaa yake wa mbali, wa nchi za baridi, asiye na habari na asali.

"Ni Nyegere," Kiilu alisema, na mjadala ukaishia hapo.

Muthoki aliendelea, ukurasa kwa ukurasa. Alipofika mlango wa buluu, akasoma habari ya koti, watoto wote wawili walimzuia. Walitaka ule ukurasa mwingine. Muthoki alimtazama mwalimu.

"Wasomee," Mwalimu Wavinya alisema. "Hadithi yako haikuwa na kosa lolote, Muthoki. Nayo ndiyo iliyonileta mlangoni kwako. Kosa lilikuwa kusema umeisoma. Mtu akificha asichokijua, anajifungia pamoja nacho, na tunaotaka kumsaidia tunapita nje tukidhani hakuna mtu. Akisema tu 'sijui', mlango umefunguka. Haya mengine yote ni kusoma, na kusoma tunafundisha."

Basi Muthoki aliwasimulia habari za choo na sauti za wenzake. Halafu akasoma picha ya mwisho, ya Nyegere akitoka langoni.

Kutoka uwanjani sauti ya Musyimi ilisikika, ikiita kwamba Muthokoi anahitajika golini upesi, maana kipa wa Gredi ya Tano ameingia jikoni kuuliza chakula. Muthoki alisimama, akampa Arbaco kitabu.

"Bado hujasema," Kiilu alilalamika. "Rafiki alipata lini?"

Muthoki alikuwa tayari ameinama kufunga kamba ya kiatu chake, ambayo safari hii ilikuwa imefunguka kweli.

"Leo," alisema, akakimbia.